Waliolala Bafuni

Atupele Mwaisumo alikuwa na tabia iliyowachekesha wenzake ofisini. Kila Ijumaa mchana, wengine wakianza kufunga mabegi, yeye alifungua taka za Chekeche na kuzipekua kwa macho yake mwenyewe, kama mtu anayetafuta punje kwenye makapi.

Chekeche lilikuwa programu iliyosoma kila neno ambalo watu wa Mbeya na miji ya jirani waliandika kumhusu Mlezi, mtambo wa kampuni ya Atupele uliochunga afya za watu majumbani. Nao waliandika sana, hasa Kijiweni, uwanja wa mtandaoni ambako kila mtu aliingia kwa jina la kujibandika na kusema lililomkaa moyoni. Chekeche lilizoa maneno yote, likayagawa mafungu: hofu ya taarifa kuuzwa, hofu ya wadukuzi, hofu ya serikali. Mafungu yalikwenda kwa mafundi, mafundi wakakaza kufuli, na kila mwaka kampuni ilitangaza kwamba siri za wateja ziko salama kuliko mwaka uliopita. Yaliyobaki, yaani utani, matusi na matangazo ya mbegu za viazi, yaliishia takani.

Ijumaa hiyo, katikati ya taka, Atupele alikuta mtu ameandika: "Leo tena nimelala bafuni."

Akatabasamu, akapita. Mbele kidogo kulikuwa na mwingine: "Bafuni kwetu baridi hadi kwenye mifupa, ila afadhali." Kisha mwingine: "Wenye magodoro bafuni mko wapi, tujuane." Chini yake majibu yalifuatana kama watu kwenye foleni ya maji. Chekeche lilidhani ni mizaha ya wanandoa waliogombana. Atupele naye alidhani hivyo, mpaka alipojiuliza kwa nini watu wote hawa wakimbilie bafuni, tena kwa baridi hii ya Juni, ilhali sebule zipo.

Akainua macho akautazama ukuta. Hapo jibu likamjia, na tabasamu likamtoka.

Mlezi alikuwa ndani ya rangi. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya kampuni. Fundi alipaka nyumba kama kawaida, na ndani ya rangi ile mlikuwa na chembe ndogo kuliko unga, kila moja ikiwa sikio. Kuta zilisikiliza pumzi za waliolala, vikohozi, mapigo ya moyo, hatua za mzee anayeanza kuyumba. Mlezi alimtambua kila mtu kwa namna anavyovuta hewa. Alijua homa kabla haijapanda, na mimba kabla mwenye nayo hajahisi kichefuchefu. Kila asubuhi aliandaa Salamu, muhtasari mfupi wa afya ya nyumba nzima, akautuma kwenye simu ya mkuu wa kaya. Kwa sababu yake kifua kikuu kilikuwa karibu kusahaulika katika nyanda zile, na wapo wazee waliomwombea heri kanisani kana kwamba ni mtu.

Bafuni tu hakuwamo. Bafuni kulikuwa na vigae.

Atupele alirudi kwenye maandishi akaanza kuyasoma upya, safari hii bila kucheka. Msichana mmoja alikuwa amejificha humo kwa sababu Salamu ilimwambia baba yake kwamba moyo wake ulienda mbio kila aliposhika simu usiku. Mwanamume mmoja aliamka na jinamizi la ajali, na hakutaka mkewe apate habari hiyo kila asubuhi pamoja na chai. Mwanamke mmoja alikuwa na mimba ya wiki chache ambayo wifi yake aliisherehekea kabla yeye hajaijua, na ilipoharibika, wifi huyo huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua. Miaka yote Atupele alikuwa ametafuta hofu ya watu kwa wageni walio mbali. Watu hawa walimwogopa aliyelala chumba cha pili.

Kisha akamfikia aliyejiita Ua la Pareto.

"Wenzangu mnalia bafuni, mimi nakohoa," alikuwa ameandika. "Nafungua bomba ndoo ijae kwa kishindo, ndipo nakohoa. Tangu kabla ya Pasaka."

Mtu akamuuliza kwa nini haendi zahanati.

"Majibu ya zahanati yanaingia kwenye Salamu. Mkuu wa kaya ni mama mkwe. Mke wa kwanza wa mume wangu alirudishwa kwao kwa sababu ya kifua. Mimi nina mtoto anayenyonya. Wakinirudisha, watabaki naye."

Andiko lake la mwisho lilikuwa la siku ile ile. "Leo kwenye sinki kulikuwa na damu. Nimesafisha."

*

Mama Segolena Komba, aliyeanzisha kampuni, hakukaa nyuma ya meza kubwa. Ofisi yake ilikuwa na viti viwili na jiko la kuchemshia chai, kwa kuwa miaka yake ya uuguzi ilimfundisha kwamba mtu huongea vizuri akishika kikombe. Alisoma maandishi ya Ua la Pareto mara moja tu, akavua miwani.

"Mtafute," alisema.

"Mama, ametumia jina la kujibandika."

"Najua. Wewe pia unajua kwamba hilo si tatizo." Akaanza kueleza kwa vidole, kama alivyowaeleza mafundi wapya. "Mlezi hasikii bafuni, lakini anasikia nani katoka chumbani na nani karudi. Chukua nyakati anazoandika Kijiweni. Zilinganishe na pumzi zinazotoweka vyumbani nyakati hizo hizo. Ongeza mtoto anayenyonya na mama mkwe ndani ya nyumba. Kabla chai hii haijapoa tuna mlango wa kubisha."

Akafungua kioo cha meza na kubonyeza kidole gumba. Kioo kikawaka nusu. Kumfichua mteja kulihitaji idhini mbili: ya mkuu wa kampuni na ya msimamizi wa faragha. Msimamizi wa faragha alikuwa Atupele.

"Bado wewe, mdogo wangu."

Atupele hakunyanyua mkono. "Tukifika mlangoni na gari la wagonjwa, mama mkwe atajua papo hapo, na mtaa mzima nao. Kile anachokikimbia tutakuwa tumempelekea sisi."

"Atakuwa hai."

"Na hawa wengine? Wakisikia kwamba tuliunganisha jina la Kijiweni na nyumba ya mtu, nani ataandika tena? Tumemwona huyu kwa sababu aliamini kuna mahali pa kusemea. Wa kesho atakohoa asimwambie mtu kabisa."

"Wa kesho simjui. Huyu anatema damu leo. Na yuko mtoto." Mama Komba alisema hayo bila ukali, na hilo ndilo lililomwelemea Atupele. Angekuwa bosi mwenye tamaa ingekuwa rahisi kumkatalia. "Nilimzika mdogo wangu akiwa kidato cha tatu. Alificha kikohozi mpaka kikamla. Rangi hii niliibuni kwa ajili yake, ili mtu asiweze tena kuficha. Sasa niambie, huyu mama akifa huku tukimstahi, tutasema nini?"

Atupele aliitazama nusu ya kioo iliyokuwa bado giza.

"Jumatatu asubuhi," Mama Komba alisema, akivaa miwani yake tena, "nataka kidole chako, au sababu ninayoweza kuisema mbele ya kaburi la yule kijana."

*

Jumamosi Atupele aliamka nyumbani kwake Uyole, akasoma Salamu kabla hata ya kutoka kitandani. Nyumba ilikuwa kwa jina lake, basi yeye ndiye mkuu wa kaya, ingawa walikuwa wawili tu, yeye na baba yake, Mzee Ambakisye, mpima ardhi mstaafu. "Ambakisye: hakusikika chumbani kwa muda mrefu. Hali ya jumla: njema."

Alikuwa ameshaona maneno kama hayo, akayapita. Asubuhi hiyo aliyasoma mara mbili. Akainuka, akaenda kufungua mlango wa bafuni. Juu ya kigoda kulikuwa na blanketi la baba yake, limekunjwa kwa unadhifu wake wote wa kipimaji.

Alimkuta jikoni akimenya viazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeamka mapema."

"Baba, siku hizi unalala wapi?"

Mzee Ambakisye aliendelea kumenya mpaka ganda likaisha. "Nalala kitandani. Bafuni nakaa tu."

"Unakaa kufanya nini?"

"Mama yako hukumbukwa zaidi alfajiri." Akachukua kiazi kingine. "Zamani nilikuwa namlilia chumbani. Lakini kila nikilia, asubuhi uji unakuja na karanga na asali, na wewe unaniangalia kama chombo chenye ufa. Nikajua Mlezi anakusomea."

Atupele alijihisi kama aliyekamatwa mkono ukiwa mfukoni mwa mtu. "Nilitaka kukufariji."

"Ulinifariji. Uji ulikuwa mtamu." Mzee akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ila huzuni ile ilikuwa yangu, mwanangu. Huenda ningekuletea mwenyewe siku moja, tukakaa nayo. Sasa kila nikitaka kuanza, nakuta umeshaijua, na mimi sina la kusema."

"Ungeniambia kweli?"

"Sijui," baba yake alisema. "Ningependa kujaribu."

Atupele akavuta kisu kingine, akakaa, wakamenya pamoja. Baadaye, viazi vikiwa jikoni, mzee alianza kusimulia kwa sauti ya chini siku alipomwona mama yake Atupele kwa mara ya kwanza, akiwa binti aliyebeba nguzo nzito ya kupimia ardhi ambayo wanaume wawili walikuwa wamekataa kuibeba. Hiyo Atupele hakuwahi kuisikia.

*

Mchana huo huo aliingia Kijiweni. Hakujibandika jina. Aliandika:

"Mimi ni Atupele Mwaisumo. Nafanya kazi kwenye kampuni ya Mlezi. Kazi yangu ni kusoma mnayoandika hapa ili tujue mnaogopa nini. Tumesoma miaka mingi na tumekosea, kwa sababu tulidhani mnawaogopa wezi. Jana nimesoma habari za bafuni. Sijui ninyi ni nani na sitatafuta. Nauliza: Salamu ingekuwaje ili mrudi kulala vitandani? Na kama kuna anayekohoa, tafadhali, naomba aniambie ni nini kingemwezesha kwenda kutibiwa."

Moto ukawaka mara moja. "Kumbe mnatusoma!" "Mlianza na kuta, sasa mmeingia hadi huku." "Huyu dada anatuchota, kimbieni." Mtu aliweka picha ya nyumba aliyokwangua rangi hadi tofali. Atupele alimjibu kila mmoja, hata aliyemtukana, akikiri kila lililokuwa kweli.

Halafu akaona maandishi ya Ua la Pareto yanafutika. Lile la ndoo, lile la mama mkwe, lile la damu, moja baada ya jingine, mpaka jina lenyewe likabaki tupu.

Jumapili Atupele hakwenda kanisani. Alikaa na kioo cha kazi mapajani, kidole kikiwa karibu na pale pa idhini. Alimfikiria mtoto anayenyonya kifuani mwa mama anayetema damu. Kama amemtisha akazama zaidi, basi yeye ndiye aliyemsukuma, na elimu yote ya faragha aliyoisomea haingemtoa mtu yule kaburini. Mara mbili alikigusa kioo. Mara mbili aliuondoa mkono, na hakujua kama ni ujasiri au woga.

Jioni, katikati ya matusi, yule mwenye jinamizi la ajali aliandika: "Kampuni siiamini. Lakini hakuna aliyewahi kutuuliza swali hili. Mimi nitajibu. Nataka habari zangu zinifikie mimi kwanza. Mke wangu nitamwambia mwenyewe, nikipata maneno."

Yule msichana aliyeshika simu usiku akamfuata: "Mwenye mwili ajue kwanza." Yule aliyepoteza mimba akaandika kirefu, akaeleza vile ambavyo angependa habari ile imfikie, kwa maneno gani, akiwa amekaa wapi. Mzee mmoja alisema yeye anapenda wanawe wajue yote, na anaomba aachiwe chaguo hilo. Mtu akauliza je, magonjwa ya kuambukiza? Wakabishana. Ulikuwa ubishi wa watu wanaojenga kitu, na hakuna aliyemkumbuka tena Atupele mpaka walipomaliza, ndipo mmoja akamwita: "Dada wa kampuni, umeandika? Usije ukasema hatukukwambia."

*

"Kidole hukuleta," Mama Komba alisema Jumatatu.

"Nimeleta hiki." Atupele akamwekea mazungumzo ya Kijiweni mbele yake, naye akasoma yote, chai ikipoa mkononi.

"Na akificha? Mwenye mwili akijua kwanza, akaamua kunyamaza?"

"Sasa hivi wanajua na wananyamaza, Mama. Wanakohoa penye vigae, nasi tunatangaza kwamba nyumba zina afya." Swali lililofuata Atupele alikuwa nalo tangu Ijumaa, na aliliogopa. "Mdogo wako alikuwa anamficha nani?"

Mama Komba aliweka kikombe chini. Akaangalia dirishani, kwenye mteremko wa mlima Loleza uliokuwa na ukungu.

"Nyumbani tulikuwa wawili," alisema. "Nilikuwa muuguzi. Alijua nikisikia tu, nitamtoa shule nimlaze wodini. Alitaka amalize mitihani." Akageuka kutoka dirishani. "Alinificha mimi, Atu. Miaka yote nasema alificha, wala sijawahi kujiuliza alimficha nani."

Akafungua kioo cha meza, akaifuta idhini yake. Nusu iliyokuwa inawaka ikazimika.

Mafundi walipoitwa, ilibainika kwamba jambo lenyewe lilikuwa dogo mno. Salamu ilielekezwa kwa mkuu wa kaya tangu mwaka wa kwanza, kwa sababu wakati ule nyumba ilisajiliwa kwa simu moja. Simu ziliongezeka, watoto wakakua, wake wakaja, na hakuna aliyerudi kuuliza kama uelekeo ule bado unafaa. Walibishana siku kadhaa kuhusu watoto wadogo, wazee na maambukizi. Mwishoni wakakubaliana: habari ya mtu mzima itamfikia mwenyewe kwanza, naye ataamua imfikie nani mwingine. Mwenye dalili za kuambukiza ataambiwa waziwazi hatari iliyopo kwa walio karibu naye, na ataelekezwa zahanati yoyote aipendayo, ambako majibu hayatarudi kwenye Salamu. Kijiwe kiliusoma mpango kabla haujaanza kutumika, kikarekebisha maneno kadhaa. Atupele hakuficha hata aya moja.

Siku mpango ulipoanza, ujumbe mmoja ulimfikia faraghani, kutoka kwa jina lililokuwa tupu.

"Nikienda, nani atajua?"

Atupele aliweka kando kazi nyingine zote. "Wewe, na muuguzi atakayekupokea," alijibu. "Mimi sitajua. Ukimeza dawa mapema, hatari kwa mtoto inapungua upesi. Mpeleke naye apimwe."

Hakukuwa na jibu. Hakukuwa na jibu wiki ile, wala iliyofuata. Alipopita sokoni Mwanjelwa alijizuia kuwatazama akina mama waliobeba watoto mgongoni, akainamisha macho kwenye nyanya. Nyumbani, baba yake alirudisha blanketi chumbani. Salamu haikumwambia Atupele tena kuhusu alfajiri za mzee, ila siku nyingine mzee mwenyewe alimwita barazani.

Agosti, mashamba ya pareto yakiwa meupe kule milimani, andiko refu lilitokea Kijiweni, na Chekeche halikuwa la kwanza kuliona. Atupele aliliona mwenyewe, akakimbia nalo hadi kwenye viti viwili na jiko la chai, akamsomea Mama Komba akiwa amesimama.

"Naitwa Anyosisye. Mnanijua kwa jina la Ua la Pareto. Nilifuta maneno yangu kwa hofu, halafu nikabaki kimya nikiwasoma. Siku utaratibu mpya ulipoanza, nililala kitandani, nikakohoa bila kufungua bomba. Asubuhi simu ya mama mkwe haikulia. Yangu ililia. Iliniambia kifua changu kinahitaji kuonwa, na kwamba hakuna mwingine aliyeambiwa. Nilisubiri siku nzima nione kama ni uongo. Haikuwa uongo, nikaenda.

"Sasa ni mwezi wa pili wa dawa. Mtoto amepimwa, hana kitu, anapewa kinga. Nilipopata nguvu nilimwambia mama mkwe kwa mdomo wangu. Alikaa chini. Akasema miezi yote alisikia bomba, akadhani nalia kwa sababu yake, na akaona haya kuuliza. Kuhusu mke wa kwanza bado tuna maneno mengi ya kuongea. Lakini anayenikumbusha kidonge kila asubuhi ni yeye. Jina langu naliandika hapa kwa sababu nimetaka."

Mama Komba alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa ncha ya khanga, ingawa haikuwa na doa. Alimwashiria Atupele akae kwenye kiti cha pili, akammiminia chai, kisha akaomba asomewe tena, taratibu, kuanzia kwenye jina.